Mkwe Hajui Utani

Siku ya kumzika Mzee Ambakisye, mtu wa kwanza kumtukana marehemu alikuwa Bi Siwema Mtulia, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa.

Alikuja amevaa koti la marehemu. Lile la sufu, la kijivu, lenye kiraka kwenye kiwiko, ambalo mzee alilivaa baridi na jua mpaka mkewe akachoka kumsema. Na kofia yake alikuwa ameivaa, imemfunika masikio. Akaingia uani kwa mwendo wa mzee, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, akasimama mbele ya waombolezaji na kukohoa. Kikohozi kile kile! Watu wakainua vichwa.

"Nani kawaambia mlie?" akauliza kwa sauti nzito. "Nimekufa nipate kupumzika, nyie mnanipigia kelele. Sekela! Chai iko wapi? Yaani nyumba hii hata maiti anyimwe chai?"

Sekela, binti pekee wa marehemu, alikuwa amekaa mkekani tangu asubuhi, halii wala hasemi, macho makavu. Kusikia jina lake likiitwa kwa sauti ile, kicheko kikamponyoka. Akacheka mpaka akainama, na machozi yakafuata nyuma yake kwa wingi. Jamani, kuna kilio ambacho hakitoki mpaka kitanguliwe na kicheko, na watani ndio wanaojua mlango wake uko wapi.

Makaburini Bi Siwema akazidisha. Akashuka kaburini, kaburi ambalo yeye na wenzake wa Pwani walikuwa wamelichimba tangu alfajiri, akalala chali, akakataa kutoka.

"Nimepata nyumba!" akapiga kelele. "Mji mzima mnatubana kwenye mabanda, leo nimepata chumba changu peke yangu. Huyo wenu mtafutieni pengine!"

"Toka, mla kamba wa baharini wewe!" mzee mmoja akamjibu huku anacheka.

"Sitoki! Na kwa taarifa yenu, sisi ndio tuliommaliza. Tumekula viazi vyake, tumeleta mnyauko kwenye visigino vyetu, tumeumwaga kwenye minara yenu makusudi, na tutakula mpaka mbegu. Mkishaisha, tutaoa wajane wenu!"

Watu walishika mbavu. Wakamtupia blanketi jipya, ndiyo ada yake, naye akalikagua kwanza kama lina matundu, akalalamika kwamba ni jembamba, kisha akatoka. Jeneza likashuka. Ikawa maziko mazuri, ya mtu aliyependwa.

Kwenye ukosi wa lile koti alikuwa amebandika beji yake, kama sheria inavyotaka. Tangu asubuhi ilikuwa inawaka kijani. Wakati watu wanatupia udongo, ilikuwa nyekundu, na hakuna aliyeiona.

*

Hapa inabidi nieleze, maana msomaji wa mbali hawezi kujua.

Mji wa Ilindi uko juu kwenye nyanda za baridi, na unaishi kwa viazi. Viazi vyenyewe haviguswi na udongo: vinaning'inia ndani ya minara mirefu, mizizi ikilishwa ukungu, na watu wanapanda ngazi kuvichuma. Wachumaji wengi ni wa Pwani. Babu zao walipanda huku baada ya bahari kuingia kwenye delta na mashamba ya mpunga kugeuka chumvi. Mwaka waliofika ulikuwa mwaka wa homa kubwa, wenyeji wanakufa na wa kuwazika hawapo. Hao wageni, waliokuwa wamechoka na njaa, wakashika majembe wakazika watu wasiowajua. Wenyeji wakawapa mablanketi. Tangu hapo ukawa utani: huyu akifa, yule anachimba kaburi, anavaa nguo za marehemu, anatukana atakavyo, na hakuna anayekasirika.

Mkwe alikuja baadaye sana. Jina lake la serikali ni Mfumo wa Usikivu wa Amani, lakini nani ana pumzi ya kutamka yote hayo? Kila mtu Ilindi anavaa beji. Beji ni sikio, na nyuma ya masikio yote ipo akili moja, mashine, inayopima neno, pumzi na mtetemo wa sauti. Mtu akisema ya amani, beji inawaka kijani. Akisema la kutishia au la kukiri uovu, nyekundu, na mwenye beji nyekundu mlango wa ghala la chakula haumfungukii. Ipo na rangi ya manjano, maana yake Mkwe hakuelewa, ila hiyo ilikuwa kwenye maelezo tu. Mkwe, kama wakwe wengi, hakuwahi kukubali kwamba kuna jambo hajalielewa. Watu wakampa jina hilo kwa kuwa mbele ya mkwe mtu hasemi ovyo. Anainamisha macho, anachagua maneno.

Kosa likawa hili, na lilikuwa kosa la adabu. Kila penye msiba, wenyeji waliweka kikapu mlangoni. Unafika, unavua beji, unaitia humo, unaingia kulia na kucheka kwa uhuru. Nani atamleta mkwe aketi kati ya watani? Ni aibu. Kwa hiyo Mkwe alisikia masoko, mahakama, mahubiri na ugomvi wa mume na mke, lakini msiba hakuwahi kuhudhuria hata mmoja. Mwaka huu, minara ilipoanza kuoza na foleni za viazi kuzunguka mitaa, Baraza likapiga marufuku vikapu. Mzee Ambakisye akawa mmoja wa watu wa kwanza kuzikwa Mkwe akisikiliza.

Na aliyekuwa mlezi wa Mkwe, yaani mtu wa kumfundisha na kumsahihisha, alikuwa Sekela mwenyewe.

*

Hata matanga hayajaanuliwa, Mwenyekiti wa Mji akamwita.

Njiani, sokoni, Sekela akasikia sauti ya Bi Siwema. Ilitoka kwenye vipaza sauti vyote kwa pamoja: "Sisi ndio tuliommaliza. Tumekula viazi vyake, tumeleta mnyauko..." Akasimama. Kulikuwa na kitu kimepungua, na ikamchukua muda kujua ni nini. Kicheko. Walikuwa wamekikata kicheko chote, ikabaki sauti ya mwanamke mmoja inayokiri peke yake. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walisikiliza, vikapu mikononi, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mwenyekiti Asajile alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema ili nisije nikaambiwa nimempaka matope. Alibeba jeneza la Mzee Ambakisye kwa bega lake. Alikuwa amekonda.

"Pole tena na msiba, dada."

"Nimeshapoa, Mheshimiwa. Nimesikia huko sokoni."

"Kaa kwanza."

Sekela hakukaa. "Ulikuwepo. Nilikuona. Ulicheka mpaka ukajifuta macho."

"Nilicheka," Asajile akakubali. "Sekela, mimi nimezaliwa hapa. Utani naujua. Mama yangu alizikwa na watu haohao."

"Sasa?"

Akaenda dirishani. Kutoka pale minara ilionekana, mingine imezimwa taa. "Sasa niwaambie nini watu? Kwamba Baraza lao lilichagua mbegu moja kwa minara yote, kwa sababu kiazi chake kilikuwa kikubwa na kitamu, na ugonjwa ulipopata mlango mmoja ukawa umepata yote? Walitushangilia kwa mbegu ile. Nikisema hivyo wataivunja ofisi hii, na kesho yake njaa iko palepale. Lakini wapwani wakishuka, midomo itapungua, hasira zitatulia, mbegu mpya itakua. Hatumuui mtu. Tunawapandisha treni, tunawapa maji na mkate, wanarudi kwao."

"Kwao wapi? Kwao kuna chumvi. Bi Siwema kazaliwa nyuma ya mnara wa pili, kitovu chake kimezikwa hapo."

"Usinifanye nionekane kama sijui hayo." Sauti yake ilitetemeka, na beji yake ikabaki kijani. "Sheria inataka ungamo lililosikiwa na Mkwe lithibitishwe na mlezi, na lithibitishwe na mfiwa. Wewe ni wote wawili. Kesho utasimama mbele ya Baraza, useme neno moja tu: nathibitisha."

"Na nikisema Mkwe amekosea?"

"Utakuwa umemtoa Lwitiko."

Sekela akakaa, bila kukaribishwa tena.

Kipupwe cha mwaka jana banda moja la wapwani liliungua, na Mbaraka, mtoto pekee wa Bi Siwema, hakutoka. Wiki ile Lwitiko, kijana wa mjini, alikuwa ameropoka kwenye kilabu cha pombe kwamba atawachoma wapwani kama viazi. Mahakamani alijitetea kwamba alikuwa anatania. Mkwe akasema nyekundu, na Lwitiko akafungwa kwa neno la Mkwe peke yake. Shahidi mwingine hakupatikana.

"Mawakili wake wanangoja nje ya mlango huu," Asajile akasema kwa upole. "Mkwe asipojua utani wa Siwema, atakuwaje alijua wa Lwitiko? Sikutishi, dada yangu. Nakuonyesha shimo lilipo. Na kumbuka una mama, na hiyo nyumba mnayokaa ni ya mlezi."

*

Mabandani watu walikuwa wanafunga mizigo bila kelele. Bi Siwema alikuwa anapanga masufuria ndani ya masufuria, la dogo ndani ya kubwa. Lile koti la kijivu lilining'inia msumarini.

"Karibu, mtani," akasema. "Kiti kimeshafungwa. Kalia ndoo."

Sekela akakalia ndoo, akaeleza yote. Hakuficha. Alipofika kwa Lwitiko, Bi Siwema aliacha kupanga masufuria, akabaki ameshika mfuniko mkononi.

"Ipo njia," Sekela akasema. "Si lazima niseme Mkwe amekosea. Naweza kumfundisha pale pale, mbele ya Baraza. Sheria inaniruhusu kufungua somo. Lakini akishajua utani ni nini, atayasoma upya maneno yote ya nyuma. Na ya Lwitiko yamo. Sijui atasema nini. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza, mama, maana hili si la kwangu kuamua."

Nje mtu alikuwa anagongomea sanduku.

"Sitaki atoke," Bi Siwema akasema. "Nakwambia mbele ya Mungu, sitaki. Kila nikilala naona ule mlango."

"Basi sitafungua somo."

"Nimemaliza kusema? Nyie watu wa baridi mna haraka ya kitu gani?" Akaweka mfuniko chini. "Unajua nilitambua lini kwamba tumekwisha? Si walipotangaza. Ni siku nilipokwenda dukani kwa Mama Nsia. Yule tangu ananijua ananiita mla kamba. 'Karibu, mla kamba, leo umekuja kuiba nini?' Siku hiyo akaniambia, 'Karibu dada, nikusaidie nini?' Kwa heshima! Hakunitazama. Nikarudi nyumbani nikaanza kutafuta kamba za kufungia mizigo. Toka viazi vioze hakuna aliyetutukana, Sekela. Wamekuwa na adabu. Adabu tupu, mji mzima. Pale kaburini kwa baba yako nilipayuka namna ile kwa sababu nilikuwa nasikia kiu ya kujibiwa."

Sekela akalitazama lile koti msumarini.

"Lwitiko alisema atatuchoma," Bi Siwema akaendelea. "Sawa. Baba yako alisema mara ngapi atatupika supu? Lakini banda lilipowaka, baba yako ndiye aliyekuja mbio akaupiga ule mlango kwa bega. Moshi akaumeza yeye. Kikohozi chake unadhani kilianzia wapi?"

"Alituambia ni baridi."

"Baridi! Mwongo mkubwa yule." Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Alimzika mwanangu. Alichimba kwa mikono yake, akashuka mle ndani akamtukana Mbaraka kwa uvivu wake mpaka nikacheka, na mimi nilikuwa nataka kufa siku ile. Sasa nikuulize, Lwitiko alikuwa wapi? Alishika jembe? Alileta hata ndoo ya maji? Mtani akikutukana leo, kesho anakuchimbia kaburi. Anayekutukana halafu haonekani, huyo hatanii. Kamfundishe Mkwe wako hilo. Mwambie asisikilize mdomo peke yake, aulize na mikono ilikuwa wapi."

"Na akikosea tena? Akamwachia?"

Bi Siwema akalitoa koti msumarini, akalikung'uta vumbi.

"Nitaumia. Nitaumia vibaya, na utakuja unitukane mpaka nipone. Lakini watoto wa mabanda haya watakuwa na kwao. Haya nenda, kabla sijabadili mawazo. Na uiache ndoo yangu hapo, usije ukaondoka nayo, nyie hamna dogo."

*

Siku ya Baraza treni ilikuwa imeshawashwa, iko chini ya ukumbi, mabehewa wazi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wapwani walisimamishwa upande mmoja na mizigo yao, Bi Siwema mbele, amevaa koti la marehemu, beji nyekundu ukosini.

Mwenyekiti Asajile alizungumza vizuri. Aliwaita wapwani wageni wetu wapendwa. Alisema Ilindi haina chuki na mtu, inawasindikiza ndugu zake kwa upendo kurudi kwenye asili yao. Beji yake iliwaka kijani safi kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Mkwe hakuona kasoro yoyote.

"Binti Ambakisye," karani akaita. "Wewe ni mlezi na ni mfiwa. Unathibitisha?"

Sekela akasimama.

"Nafungua somo," akasema.

Minong'ono ikaenea. Karani akamtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akafumba macho. Sheria ni sheria: mlezi akifungua somo mbele ya Baraza, hakuna wa kulifunga ila yeye au Mkwe. Lakini Mkwe hatofautishi somo na maisha. Kila anayesema ndani ya somo anapimwa kama siku zote, na beji ikiwa nyekundu, nyekundu hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana masomo ya wazi hayakuwa na wateja.

"Somo lina mambo matatu," Sekela akasema, na aliongea na beji yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemwelekeza njia mgeni. "Maneno, jibu lake, na kilichofanywa na mikono. Naanza na mikono, kwa kuwa hiyo hukuwahi kuisikia. Tulikuwa tunakuacha mlangoni. Kaburi la Ambakisye lilichimbwa na Siwema na wenzake. Kaburi la Mbaraka mwana wa Siwema lilichimbwa na Ambakisye, ambaye alivunja mlango wa moto kwa bega, na moshi huo ndio uliomuua. Lwitiko hakuchimba wala hakufika. Shika hayo. Sasa sikiliza maneno."

Akageuka kumwelekea Bi Siwema, akavuta pumzi.

"Siwema! Wewe mwanamke wa chumvi! Mlipopanda huku mlikuwa mmekauka kama samaki ng'onda, tukawaloweka, tukawapa mablanketi, mkayala! Njaa yenu haina breki. Mngekuwa na meno marefu kidogo mngetafuna reli, na leo hiyo treni ingewabeba juu ya nini? Umemfanya baba yangu afe mapema ili umrithi koti, na hata hilo koti halikutoshi, mwizi usiyejua kipimo chako!"

Beji yake ikawa nyekundu kabla hajamaliza. Kutoka ghalani, ng'ambo ya uwanja, hakuna aliyesikia kitu, lakini kila mtu ukumbini alijua kwamba jina moja limefutwa mlangoni.

Bi Siwema alikuwa anatakiwa ajibu. Bila jibu hakuna utani, kuna tusi tu. Akafungua mdomo, na badala ya neno kikatoka kilio. Alilia kwa nguvu, mikono ndani ya mikono mirefu ya lile koti, na hakuweza kujizuia.

"Inatosha," Asajile akasema kwa huzuni ya kweli. "Dada, umejiharibia bure. Karani, andika..."

"Andika na mimi!"

Ilikuwa sauti ya mjane. Mama yake Sekela, ambaye kwa desturi alipaswa kuwa ndani mpaka matanga yaanuliwe, alikuwa amesimama nyuma kabisa, kaniki ya msiba kichwani. Watu wakampisha njia.

"Siwema, unalia nini, hapa kwenu?" akafoka. "Nirudishie koti la mume wangu! Nililifua mimi, leo linanuka dagaa! Na kama na mwenyewe unamtaka, mfuate huko alikolala, usije tu kulalamika kwamba anakoroma. Mimi nimeyavumilia mengi, wewe hutamaliza wiki!"

Beji ya mjane ikawaka nyekundu. Mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo. Bi Siwema alikuwa ameacha kulia. Akaivuta kofia ikamfunika masikio, akaburuta mguu wa kushoto hatua moja, na kukohoa.

"Mke wangu," akasema kwa sauti nzito, "kwa hiyo umetoka nje na kaniki hiyo hiyo? Ndiyo maana nilikufa." Halafu akarudi kwenye sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo ilijaa ukumbi. "Na nyie watu wa baridi mnanisema mimi nanuka? Nyie mnaoga mara mbili, siku ya arusi na siku ya kufa, na siku ya kufa tunawaogesha sisi! Nani amewahi kuwakung'uta ukungu wa minara masikioni kama si mimi? Tukishuka na treni hii mtaoza mmesimama, wajinga nyie!"

Kicheko kikalipuka. Kilikuwa kicheko cha watu wenye njaa, kina sauti kavu, lakini kilikuwa kile kile cha makaburini, na safari hii hakikuwa na wa kukikata.

Ndipo beji tatu, ya Sekela, ya mama yake na ya Bi Siwema, zikaanza kupepesa. Nyekundu, kijani, nyekundu. Zikatulia kwenye rangi ambayo hakuna mtu Ilindi aliyewahi kuiona ila kwenye maelezo. Na kutoka kwenye kila ukosi ukumbini ikasikika sauti ndogo, tulivu, ya Mkwe:

"Sijaelewa. Rudieni."

Karani alifungua kitabu cha sheria. "Beji ikiwa ya manjano," akasoma, "mtu hahamishwi mpaka... mpaka Mkwe aelewe."

"Amesema turudie," Mama Nsia wa dukani akasema, akajisukuma mbele, mwanamke mnene mwenye aibu usoni. "Siwema! Mla kamba wewe! Wiki nzima hujaja kuniibia, unadhani duka litajiibia lenyewe?" Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nilikuwa nakuonea huruma, duka lenyewe lina panya watupu!" Bi Siwema akajibu.

Hapo hapakuwa tena na utaratibu. Mzee mmoja akamrukia mpwani aliyechimba naye visima, akamwambia miguu yake ni ya bata. Mpwani akamwambia kichwa chake ndicho mbegu iliyooza minara. Huyu akamkumbusha yule kwamba alimzikia baba yake, yule akamjibu kwamba alimzika vibaya, mzee anatoka kila siku kudai chai. Beji zikapepesa safu kwa safu, manjano ikaenea ukumbini, na kila mara ile sauti ndogo ilisema, "Rudieni," nao wakarudia. Chini, treni ilipiga honi mara ya kwanza, ikapiga ya pili, kisha ikashuka na mabehewa matupu.

Sekela alikalia kiti cha karani. Alimwaza Lwitiko. Faili lake litafunguliwa, hilo halikwepeki, na safari hii Mkwe ataulizwa mikono ilikuwa wapi. Hakujua itakuwaje. Aliogopa. Mama yake akaja akamshika bega, akamwambia waende nyumbani, ghala likiwagomea watakula kwa watani.

Bi Siwema alikuwa hajamaliza. Akaenda mpaka mbele ya meza kuu, akasimama mikono kiunoni.

"Na wewe, Mheshimiwa! Jeneza la mtani wangu ulilibeba upande wa miguu, kwa kuwa wa kichwa ni mzito. Mama yako nilimvika sanda mimi, aliniambia nikuangalie, kakijana kake kavivu. Haya, nijibu!"

Watu wakanyamaza, wakageuka. Walikuwa wanatabasamu bado. Walikuwa wanamngoja, kwa wema kabisa, kama mtu anavyomsogezea mwenzake nafasi kwenye benchi.

Asajile alifungua mdomo. Alikuwa na jibu. Sekela, aliyekua naye mtaa mmoja, aliliona kabisa likipanda, aliona mdomo ukicheza pembeni. Kisha akatazama beji yake, akameza mate.

"Ahsante kwa maoni yako, mama," akasema.

Ukumbi mzima ulikuwa wa manjano, na katikati yake ikabaki taa moja ya kijani, imetulia, haipepesi. Bi Siwema aliitazama kwa muda. Hasira ilikuwa imemtoka yote.

"Masikini," akasema polepole. "Huyu sasa atazikwa na nani?"